Twampenda Kibibi, Twaua Wanawe

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Aprili, yapata saa mbili na nusu asubuhi, katika nyumba moja ya eneo la Mandewa, mjini Singida. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, na jua limeanza kupiga katika vioo vya dirisha la sebuleni. Binti wa nyumba hiyo, mwanafunzi wa darasa la pili, alikuwa amepiga magoti juu ya kochi akihesabu kwa sauti: "Wa tatu, wa nne, wa tano." Waliokuwa wakihesabiwa ni wadudu wadogo wekundu, wa mviringo, wenye madoa meusi mgongoni, ukubwa wao haukuzidi punje ya kunde iliyopasuliwa katikati. Walikuwa wakipanda kioo polepole, wakianguka, wakijipindua kwa taabu, na kuanza safari upya.

Mama mwenye nyumba alitokea jikoni, mkononi ana kopo la dawa ya kupulizia mbu.

"Mama, usiwaue! Hawa wazuri," mtoto alisema, akatandaza viganja vyake mbele ya kioo.

"Mdudu ana uzuri gani? Leo watano, kesho hamsini, keshokutwa tutawakuta ndani ya unga."

Baba, ambaye ni fundi katika kiwanda kimojawapo cha kukamua mafuta ya alizeti, aliinua kichwa kutoka kwenye kikombe chake cha chai akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kesi: "Mama watoto, waache. Sisi utotoni tulikuwa tunawatembeza kidoleni, na hakuna aliyedhurika."

Mwandishi wa makala haya, aliyefika hapo kwa ajili ya chai tu, aliombwa aamue. Hukumu ilikuwa nyepesi: mtoto alishinda. Wadudu walikombwa kwa bahasha, wakatolewa nje mmoja mmoja. Lakini kesi yenyewe hasa ilikuwa bado haijaanza, kama msomaji atakavyoona.

MGENI HUYU NI NANI?

Kiswahili cha vitabuni humwita mdudu kibibi. Yu katika ukoo mkubwa wa mbawakawa, yaani wadudu ambao mabawa yao ya mbele yamekuwa magumu kama gamba ili yafunike mabawa laini ya kurukia. Wataalamu wamekwisha kuorodhesha aina zipatazo 6,000 duniani. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki wanaoonekana mara nyingi ni yule mwekundu mwenye madoa meusi, na mwingine ambaye mgongo wake ni mweusi wenye mabaka ya rangi ya chungwa au manjano, yaliyopinda kama mwezi mwandamo. Huyu wa pili wataalamu wamempa jina la Cheilomenes lunata, na hilo neno la mwisho latokana na huo mwezi.

Mkoa wa Singida una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo mtama, uwele, kunde, alizeti na mboga za uani hustawi, na pamoja nazo hustawi vidukari, wale wadudu laini wanaojazana kwenye vichipukizi, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Vidukari ndio chakula kikuu cha kibibi. Mvua zikaribiapo kwisha, mimea hukomaa na kukauka, vidukari hupungua, na kibibi huanza kutangatanga akitafuta ama chakula kingine ama mahali pa kujihifadhi: chini ya magome, katika majani makavu, katika nyufa za mawe. Na nyumba ya binadamu, ukiitazama kwa macho ya mdudu, ni jabali kama yale yaliyoizunguka Singida, ila lina nyufa nyingi zaidi. Wengine huingia usiku wakifuata taa. Wengine hubebwa ndani ya fungu la majani ya kunde kutoka sokoni. Asubuhi wote hukimbilia dirishani, kwa kuwa huko ndiko uliko mwanga, nao hawajui kioo ni kitu gani.

Ndani ya nyumba hana hatia. Hali unga, hatobi nguo, hatafuni mbao, hazai humo, wala haenezi maradhi. Ukimbana sana hutoa matone ya majimaji ya manjano kwenye maungio ya miguu yake, machungu na yenye harufu mbaya. Watoto hudhani ni mkojo, kumbe ni damu yake mwenyewe, na ndiyo silaha yake; ule wekundu wa mgongoni ni tangazo kwa ndege kwamba huyu si mtamu. Majimaji hayo huacha doa katika pazia jeupe, na hiyo ni sababu nyingine ya kutomponda.

Katika nchi za baridi mambo ni tofauti kidogo. Aina moja yenye asili ya Asia, Harmonia axyridis, ilipelekwa Ulaya na Marekani ili ile vidukari, ikazidi mno. Majira ya baridi yakikaribia huingia majumbani kwa mamia, na jamaa zetu waishio huko wanaijua adha yake. Mwaka 2011 wataalamu waliandika katika jarida la sayansi kwamba aina hiyo imeonekana Kenya pia. Hawa watano wa Mandewa, hata hivyo, walikuwa wale wale wa mashamba yetu.

MDUDU ANAYEFUNGULIWA DIRISHA

Si ajabu kwamba mtoto yule aliwatetea. Kibibi haumi kama siafu, haruki ghafla kama panzi, wala hatambai kwa haraka ile ya mende inayosisimua mwili. Miguu yake mifupi hufichika chini ya gamba, hata akaonekana kama shanga inayotembea. Kila aliyewahi kumweka mkononi anaujua mchezo wake: hupanda kidole mpaka kwenye ncha, husimama hapo kana kwamba anawaza, gamba hupasuka katikati, mabawa hutokeza kutoka chini yake, na mara ameruka. Ukiacha kipepeo, sidhani yuko mdudu mwingine ambaye mtu mzima humfungulia dirisha badala ya kumvulia kandambili.

Mataifa mengine nayo yamemwenzi. Waingereza humwita ndege wa Bibi, na Bibi huyo ni Bikira Maria. Wajerumani humwita mbawakawa wa Maria, Wafaransa mnyama wa Mungu Mwema, na Warusi ng'ombe mdogo wa Mungu. Yaelekea mkulima wa kila nchi alimtazama mdudu huyu shambani akaona kwamba hakuja kwa shari. Sisi nasi tumemwita kibibi, jina ambalo mzazi aweza kumpa bintiye.

Watoto wengi huamini kwamba madoa ya mgongoni ni hesabu ya miaka yake. Si kweli. Idadi ya madoa hutegemea aina ya mdudu, na akishakomaa hayaongezeki hata moja. Kibibi wetu akiishi miezi michache amekula chumvi nyingi.

UANI, NYUMA YA JIKO

Baada ya chai, mama mwenye nyumba alimchukua mgeni wake uani kumwonyesha bustani, na alikuwa na haki ya kujivunia. Palikuwa na matuta mawili ya kunde za majani, tuta moja la mchicha, mlenda pembeni, na mabua ya maboga yaliyotambaa hadi kwenye uzio. Familia ile ya watu sita hununua mboga sokoni mara chache sana katika miezi ya mvua.

Juu ya kunde vidukari weusi walikuwa wamejipanga kwenye vikonyo, wamebanana kama punje za uwele kwenye suke. Sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka, wakinywa majimaji matamu wanayotoa vidukari. Kati yao kulikuwa na vidudu vya aina ya tatu: virefu, rangi ya kijivu iliyokolea, vyenye vidoa vya rangi ya chungwa ubavuni, miguu sita iliyotokeza mbele, na mkia uliochongoka. Kwa umbo, mtu angesema ni mamba aliyepungua akawa na urefu wa nusu ya ukucha.

Mama alimbana mmoja kwa kidole gumba juu ya jani akamsaga.

"Hawa ndio wabaya wenyewe," alisema. "Kila nikiona vidukari nawaona na hawa. Nadhani hawa ndio wanaowazaa."

Akamsaga wa pili.

Ndugu msomaji, yule aliyesagwa alikuwa mtoto wa kibibi. Yule yule mdudu ambaye robo saa iliyopita alikombwa kwa bahasha na kutolewa nje kwa heshima, ndiye aliyekuwa akiuawa pale kwa kidole gumba, akiwa bado katika utoto wake. Na mama yule si wa kulaumiwa. Bustani ngapi mijini, na mashamba mangapi vijijini, ambamo jambo hilo hilo hufanyika kila msimu, na mikono yenye nia njema kabisa! Tunampenda anapokuwa amevaa nguo za sherehe. Anapokuwa katika nguo za kazi hatumtambui.

MAISHA YA "MAMBA" YULE

Kibibi jike hutaga mayai yake ya manjano upande wa chini wa jani, yamesimama wima, yameshikana fungu moja kama njiti ndani ya kiberiti. Huchagua jani lililo karibu na vidukari, kwa sababu wanawe wakitoka hawawezi kwenda mbali kutafuta chakula. Baada ya siku chache mayai huanguliwa. Wanaotoka ni hao mamba wadogo, na kazi yao maishani ni moja: kula. Hujivua ngozi mara kwa mara kadiri wanavyokua, na mmoja kabla hajamaliza utoto wake huwa amekwisha kula vidukari mamia. Wazazi wao nao hula makumi kwa siku, lakini wana ndio walaji wakubwa kwa jinsi walivyo na haraka ya kukua.

Akishiba kwa mara ya mwisho, mtoto huyo hujigandisha jani kwa mkia, hujikunja, ngozi hukakamaa, akabaki pale kama tone la nta. Siku kadhaa baadaye ngozi hiyo hupasuka, naye hutoka akiwa kibibi kamili. Tangu yai mpaka hapo, katika nchi za joto, hupita majuma matatu au manne.

Mwulize sasa mkulima wa Iramba au Mkalama hasara ya vidukari ni nini, naye atakuonyesha kunde zilizojikunja na mtama uliong'aa kwa utando unaonata. Iko hasara iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya karanga. Kidukari mweusi wa kunde hubeba virusi vya ugonjwa uitwao rozeti. Mkaranga uliopatwa hudumaa, majani huwa ya manjano na kujikunja, shina hufupika likawa kama kichaka, na ukiung'oa hukuti kitu chini. Ugonjwa huu ulielezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1907, na mahali ulipoelezwa ni nchi yetu hii, wakati wa utawala wa Wajerumani. Kwa hiyo kila kidukari anayeliwa na mtoto wa kibibi kabla hajaota mabawa ni mbebaji mmoja wa rozeti aliyepungua.

DAWA ILIYOLETA MARADHI

"Lakini mwaka jana nilipuliza," mama alieleza, tukiwa bado tumeinama juu ya tuta. "Jirani alinipa dawa ya pamba kidogo kwenye chupa ya soda. Vidukari walikufa wote, nikafurahi. Baada ya wiki mbili walirudi, na safari hiyo walikuwa wengi kuliko mwanzo."

Maelezo yake ni sahihi, na sababu yake ni hesabu ya kawaida. Kidukari jike hana haja ya dume ili azae. Huzaa watoto hai, na mtoto huyo kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo huwa naye ni mama. Kibibi, kama tulivyosema, huhitaji majuma matatu au manne. Sumu ikiua wote wawili, nani atatangulia kurudi? Vidukari wachache walionusurika chini ya majani huamka katika shamba lisilo na polisi.

Wamarekani walijifunza somo hilo kwa gharama. Katika miaka ya 1880 bustani za machungwa za California zilikuwa zikiangamizwa na mdudu mweupe mithili ya pamba, aliyetoka Australia. Mwaka 1888 serikali yao ilimtuma mtaalamu aitwaye Albert Koebele aende huko huko Australia akatafute adui wa mdudu huyo. Alimpata kibibi mmoja mdogo. Kati ya Novemba 1888 na Januari 1889 vibibi 129 tu walifika Los Angeles kwa meli, wakafungiwa pamoja na mchungwa mmoja ndani ya hema. Kufikia Juni 1889 zaidi ya vibibi 10,000 walikuwa wamekwisha kugawiwa kwa wenye bustani, na baada ya muda mfupi machungwa yalikuwa yameokoka. Miaka zaidi ya hamsini ikapita kwa amani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja DDT, iliyosifiwa kote kama mwisho wa wadudu, nayo ikapulizwa katika bustani hizo. Vibibi wakafa, na yule mdudu mweupe, aliyekuwa amesahauliwa, akarudi kwa nguvu. Ikabidi vibibi watafutwe tena na kurudishwa.

Kwetu Singida yapo mengine ya kufikiriwa. Mkoa huu unajulikana nchini kwa alizeti na kwa asali, na vyote viwili vinamtegemea nyuki, ambaye sumu iuayo kidukari humwua naye bila kumwuliza anakwenda wapi. Tena dawa ya pamba haikutengenezwa kwa ajili ya majani ya kunde ambayo yatachumwa Jumanne na kupikwa Jumanne hiyo hiyo. Na kuhusu ile chupa ya soda, mwandishi huyu hana maneno ya upole. Mtoto wa miaka minne hajui kusoma. Anachojua ni kwamba chupa ya namna ile huwa na kitu kitamu.

NDUGU ASIYE MWEMA

Haki inatutaka tuseme pia kwamba katika ukoo huu, kama katika koo zetu, wamo wasiofuata mila. Wako vibibi ambao hawali vidukari bali majani. Mama yule aliponyoosha kidole kwenye maboga yake, tulimkuta mmoja: mwili wa rangi ya chungwa iliyofifia, madoa mengi, na wanawe wa manjano wenye miiba iliyotawanyika kama matawi. Majani waliyokuwa wamekaa yalikuwa yamekwanguliwa yakabaki wavu. Hawa hupenda maboga, matango na matikiti, na wengine hushambulia mahindi na mtama.

Kuwatofautisha si kazi ngumu. Mwema mgongo wake hung'aa kama umepakwa mafuta. Mla majani mgongo wake hauna mng'ao, na ukimtazama kwa karibu utaona amefunikwa na vinyweleo laini kama vumbi. Huyo mama alimsaga, na safari hii hakuna aliyemzuia.

Kwa vidukari wenyewe bustani ya uani haihitaji sumu kali. Kikonyo kilichojaa kupita kiasi hukatwa na kutupwa mbali. Waliobaki humwagiwa maji kwa nguvu wakaanguka, na wengi hawawezi kupanda tena. Wakizidi, vijiko viwili vidogo vya sabuni ya maji katika lita moja ya maji hutosha, mradi inyunyizwe juu ya vidukari wenyewe, jioni, na isielekezwe mahali walipo wale mamba, kwani nao ngozi yao ni laini. Halafu mtu asubiri. Kusubiri ndiko kugumu, maana vidukari huonekana leo na kazi ya kibibi huonekana baada ya wiki.

Kabla ya kuondoka, binti alipewa ruhusa ya kuweka mamba mmoja ndani ya chupa ya jamu, pamoja na kipande cha kunde chenye vidukari, na mdomo wa chupa ukafungwa kwa kitambaa chepesi. Kila siku baada ya shule alibadilisha jani. Mama alilalamika kwamba sasa mtoto anachuma kunde kwa ajili ya kufuga vidukari.

Siku ya kumi na mbili nilipita tena Mandewa, nikamkuta mtoto ameshika chupa na machozi yako karibu. Ngozi ile kavu ilikuwa imepasuka alfajiri, na aliyetoka hakuwa mwekundu wala hakuwa na doa hata moja. Alikuwa wa manjano mepesi, laini, mwenye unyevu, mabawa yamechomoza nyuma yamekunjamana.

"Ameharibika," mtoto alisema.

Aliambiwa asubiri kidogo. Chupa ikawekwa dirishani, mahali pale pale walipohesabiwa wale watano. Saa nne asubuhi mabawa yalikuwa yamekwisha kuingia chini ya gamba. Kuelekea saa saba doa la kwanza lilianza kujitokeza, hafifu, kama wino unaopenya karatasi kutoka upande wa pili, kisha la pili, na manjano ikaanza kugeuka kuwa chungwa. Mtoto alianza kuhesabu kwa sauti. Mama yake alikuwa amesimama nyuma ya kochi, mikono ina unga wa ugali alioacha jikoni, na midomo yake nayo ilikuwa ikihesabu.